Miguu ya Ukuta wa Namakwekwe

Kabla ya kufungua mlango wa chumba cha mahojiano, Inspekta Night Aber alisimama kidogo ukumbini akafumba macho. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi ya kazi. Hakuomba ushindi. Aliomba asimfunge mtu asiye na kosa, wala asimwachie mwenye kosa. Alisema amina kwa sauti ndogo, akaingia.

Mwanamke aliyekuwa ndani alikaa wima kwenye benchi, miguu mitupu, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa kaunta. Aliitwa Annah Nandutu. Alikuwa msanifu wa majengo, na kwa miaka mingi, kuanzia Jinja mpaka Mbale, alikuwa amewachorea nyumba watu ambao wasanifu wengine hawakuwapokea ofisini: wafagizi wa barabara, wauza chapati, wajane wa askari. Juzi alfajiri, ukuta mmoja wa nyumba zake za Namakwekwe ulianguka ukamuua Magidu, muuza chapati. Watu wa Mbale walizingira gari lake kwa mawe, ndiyo maana aliletwa kulala Jinja.

"Umelala, mama?" Aber aliuliza akivuta kiti.

"Nimelala, afande. Ila sakafu yenu ilijengwa vibaya. Maji ya kuoshea yanarudi ndani badala ya kutoka."

Konstebo Waiswa, aliyesimama mlangoni, alicheka. Aber alipomwangalia, kicheko kikakatika.

"Mama, sikiliza vizuri. Leo saa nane mchana tingatinga linaingia Namakwekwe. Wakubwa wa mji wanasema ukuta mmoja ukianguka, basi na kuta nyingine ni mbovu. Nyumba thelathini na sita zinabomolewa. Wewe kesho unapelekwa kortini kwa kusababisha kifo. Nina asubuhi hii peke yake."

Nandutu alishtuka. Hilo la tingatinga hakuwa amelisikia.

"Nyumba si mbovu," alisema.

"Basi niambie kwa nini ukuta ulianguka."

Nandutu alivuta miguu yake mitupu chini ya benchi.

"Ulipunguza saruji?"

"Hapana."

"Mafundi walikuibia?"

"Walijenga wenyeji wenyewe. Hawawezi kujiibia."

"Basi ni nini?"

"Andika hivi, afande. Ukuta ni wangu. Niliuchora mimi."

"Gidudu, mwenyekiti wa wakazi, amesema redioni kwamba uliujenga mrefu bila kitu cha kuushikilia. Anasema aliogopa tangu siku ya kwanza."

Nandutu aliinua uso. "Gidudu alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Mimi mwenyewe nilimsikia."

Aliangalia viganja vyake, vilivyokakamaa kama vya mchimba shamba. Mwishowe aliuliza kitu ambacho Aber hakukitegemea.

"Kijana wake amepona?"

"Kijana gani?"

"Basi. Achana nayo."

Kuanzia hapo hakusema neno. Aber aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akajaribu hata kumnyamazia. Ilikuwa kama kuuliza kabati.

Nje, karibu na gari, Waiswa alikuwa akizungusha funguo kidoleni.

"Afande, yule mama hakuua mtu."

"Umejuaje?"

"Mimi nimekulia ndani ya ukuta wake. Kule Buwenge. Nyumba yetu aliichora yeye."

Aber alisimama. "Na jana siku nzima hukuniambia?"

"Jana hukuniuliza, afande. Na mimi ni konstebo."

"Wewe ni konstebo mwenye nyumba ndani ya kesi yangu. Hayo nayaandika." Aliingia garini akafunga mlango kwa nguvu. "Haya, nipeleke nikaione."

"Buwenge si njia ya Mbale."

"Kuna barabara ya vumbi inayotokea Iganga. Endesha."

*

Bibi Habibah, mama yake Waiswa, aliwalaki wanashuka garini kabla hajanawa mikono. Alikuwa anamenya matoke. Wote pale mtaani walimwita Nabirye, kwa sababu alizaa mapacha, Waiswa na Tenywa, na Aber alimsalimia kwa jina hilohilo. Bibi alifurahi, kisha akaona nyota za begani mwa Aber, akageukia mwanawe.

"Umefanya nini, wewe?"

"Hajafanya kitu, Nabirye. Nimekuja kuona nyumba."

"Nyumba hii? Iangalie basi. Haikimbii."

Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yasiyochomwa, yanayoingiana kama meno. Nyumba sita za namna hiyo zilizunguka ua mmoja, na upande wa barabara palikuwa na ukuta mrefu wa kuzuia vumbi na macho ya watu. Aber alitembea kando yake taratibu. Kila hatua kadhaa, kijiukuta kifupi kilitoka ndani ya ukuta ule kikaingia uani, chini kipana, juu chembamba.

"Hivi ni vya nini?"

"Tunaviita miguu," alisema Nabirye. "Ukuta mrefu ukisimama peke yake ni kama mlevi. Nandutu ndivyo alivyotuambia."

"Alikuja mwenyewe?"

"Alikuja akakaa na sisi kama shemeji asiyetaka kuondoka! Kabla ya kujenga alitupa jivu. Kila familia ichore nyumba yake chini kwa jivu. Halafu anasema, lala humo. Pika humo. Gombana na mume wako humo, nione kama jirani anasikia. Tukacheka mpaka tukalia. Lakini tulipomaliza, kila mtu alijua jiko lake litakaa wapi."

"Na hii je?" Aber aliweka kidole kwenye tofali moja. Lilikuwa na alama ya kijiko iliyozama kwenye udongo.

"Hiyo ni yangu. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, unaibonyeza tofali likiwa bichi. Hivyo nikipita naona, hili nilifyatua mimi. Mwenye alama ya kizibo cha soda ni yule pale."

"Hakuna mtu aliyetaka kuondoa miguu?"

"Baba yao huyu!" Nabirye alimwonyesha Waiswa kwa kisu. "Alitaka nafasi ya kufunga mbuzi. Nandutu akamwambia, mzee, kwanza nikate mguu wako mmoja, kisha utaniambia kama umesimama vizuri. Akaacha. Sasa baba yao amekufa, mbuzi wameliwa, ukuta uko palepale."

Aber alipiga picha miguu yote kwa simu yake. Aliupima mmoja kwa shubiri, kuanzia chini mpaka juu. Nabirye aliwafungia ndizi mbivu, akakataa kabisa kusikia kwamba askari hawapokei zawadi.

"Afande," Waiswa alisema walipoingia barabara ya Iganga, "mtu aliyewawekea watu wa Buwenge miguu, atawanyima watu wa kwao Mbale?"

"Watu huchoka. Watu hupewa haraka. Usinifanyie hesabu zangu."

Lakini hesabu hiyo alikuwa anaifanya hata yeye.

*

Walifika Namakwekwe mlima Wanale ukiwa umejifunika wingu jeusi kuanzia kiunoni. Tingatinga lilikuwa limeshafika. Dereva wake alikuwa ameweka miguu kwenye dirisha, anatafuna muwa. Kando ya barabara watu walikuwa wametoa magodoro, masufuria, mashine ya kushonea na kitanda kimoja ambacho bibi mmoja alikuwa amekilalia palepale nje, kama mtu anayegoma.

Gidudu aliwapokea. Alikuwa muuza nyama, mnene wa mabega, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Karibu, afande. Hapa ndipo mama yetu alipotuua."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Aber alivaa glavu, akaanza kazi.

Ukuta ulikuwa umelalia upande wa barabara, mzimamzima, kama mlango uliong'olewa. Chini yake, walipokuwa wamefukua kumtoa marehemu, jiko la Magidu lilibaki limesimama: matofali matatu ya kufungamana, meusi kwa moshi, na kikaango kilichokunjika. Aber alichuchumaa. Kwenye tofali moja, chini ya masizi, palikuwa na mistari myembamba iliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya kichana. Ncha ya tofali hilo ilikuwa imekatwa vibaya, kwa kupigwa. Alipiga picha, akainuka.

Akavuka kwenda upande wa ua. Ardhi pale ilikuwa ngumu na iliyosawazika kama sakafu, wakati kwingine kote mvua ilikuwa imeifanya tope. Hapakuwa na mguu hata mmoja. Karibu na lango palikuwa na alama za magurudumu makubwa.

"Hizi ni za nini?"

"Lori ya Timothy," Gidudu alijibu upesi. "Yule mwenye vyumba vya kupangisha kule chini. Tangu tuhamie hapa vyumba vyake viko tupu. Anakitaka kiwanja hiki. Lori yake ilirudi nyuma hapa. Labda iligonga."

"Sasa Mwenyekiti, ni mama au ni lori?"

Gidudu alijifuta jasho. "Yote mawili, afande. Ukuta dhaifu, lori ikagusa."

"Redioni hukutaja lori."

"Redio wanatoa muda mfupi."

Aber alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mwenye sababu moja ya kweli hahangaiki kutafuta ya pili. Lakini alama za magurudumu zilikuwepo, na chuki ya Timothy ilijulikana mtaa mzima. Alimwacha Waiswa alinde jiko lile, asiruhusu mtu aliguse, akateremka kwenda kwa Timothy.

Timothy alikuwa amekaa barazani na redio yake, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Hakuinuka.

"Nilikuwa nakungoja, madamu afande. Gidudu amenitaja, sivyo?"

"Lori yako iliingia ua ule?"

"Iliingia."

"Kufanya nini?"

"Madamu, angalia lori yangu." Aliionyesha kwa kidevu. Ubavuni iliandikwa TIMOTHY NA WANAWE kwa rangi nyekundu, herufi zenye urefu wa mtoto. "Mimi nikitaka kuangusha ukuta wa watu, nitaenda na jina langu?"

"Nimeuliza kufanya nini."

"Kupeleka viti na ngoma. Gidudu aliikodi. Alikuwa na imbalu. Mwaka huu ni mwaka wa tohara, si unaona vijana wanavyokimbia na njuga barabarani? Kijana wake mkubwa alisimama. Na alisimama kweli, madamu! Kisu kimepita, jicho halikupepesa. Mimi ninagombana na Gidudu, lakini nilipiga makofi, nikala nyama yake."

Aber alikumbuka sauti ya chumbani Jinja. Kijana wake amepona?

"Walichezea wapi?"

"Palepale uani, mbele ya ukuta. Watu wengi mno, na ngoma ya kadodi inalia. Pako wazi kama uwanja wa mpira."

"Wazi kabisa? Hakuna kitu kilichokuwa kinatoka ukutani?"

"Wazi."

"Na ulishawahi kuingia ua ule kabla ya siku hiyo?"

Timothy alicheka kwa uchungu kidogo. "Mwaka jana. Nilikwenda kuwadai wapangaji wangu waliohama bila kuaga. Gidudu akanifukuza na panga la buchani. Katika kukimbia nikajikwaa kwenye vile vijiukuta vyao vya kipuuzi." Alipandisha mguu wa suruali. Kovu lilikuwa kubwa, la rangi ya waridi. "Angalia goti hili."

Aber aliliangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Bwana Timothy, utalileta goti hilo kortini?"

"Kumshtaki Gidudu?"

"Kumtetea Nandutu."

Timothy alishusha suruali taratibu. "Yule mama amenimalizia biashara," alisema. Kisha akashusha pumzi. "Lakini vijiukuta vilikuwepo. Goti haliwezi kusema uongo."

*

Aber alipanda kilima karibu anakimbia. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza kwenye msikiti wa karibu. Alimwomba bibi wa kitandani jembe, akampa Waiswa.

"Chimba hapa. Halafu pale. Taratibu."

"Kuna nini chini, afande?"

"Kama hakuna kitu, basi mimi na wewe tumempoteza mama."

Jembe liligonga udongo uliokanyagwa na mamia ya miguu, likarudi. Waiswa alivua shati la kazi, akaendelea. Watu walianza kusogea. Kwenye pigo la kumi na kitu, jembe lilitoa mlio mwingine. Aber alipiga magoti akafukua kwa vidole. Chini ya tope lililoshindiliwa palikuwa na kisiki cha matofali, kipana, kimetoka kwenye msingi wa ukuta na kuingia uani kama vile vya Buwenge. Juu kilikuwa kimekatwa kwa patasi. Kwenye tofali la mwisho palikuwa na mistari ya kichana.

"Alama hii ni ya nyumba ipi?" Aber aliuliza watu.

Macho yao yote yalikwenda mahali pamoja, kisha yakashuka chini. Gidudu hakuwepo tena pale. Alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye mlango wa nyumba yake. Kwenye fremu ya mlango ule, kila tofali lilikuwa na alama ya kichana.

Bado Aber hakumwendea. Kisiki kilithibitisha kwamba miguu ilikuwepo. Hakikusema nani aliikata. Alivua viatu, akabisha kwenye chumba cha mjane.

Kadija, mke wa Magidu, alikuwa kwenye mkeka na wanawake wawili wa jirani. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali, kanga nyeupe bado kichwani.

"Asalaam aleikum, mama. Pole sana."

"Aleikum salaam. Tumepoa, afande."

"Nina swali moja la jiko la mzee. Yale matofali matatu aliyapata wapi?"

"Aliyanunua."

"Kwa nani?"

"Sokoni."

"Matofali haya hayauzwi sokoni, mama. Yanafyatuliwa hapa. Na yana alama ya kichana."

Kadija aliwatazama wale wanawake wawili. Waliinuka bila kuambiwa, wakatoka. Nje, tingatinga lilikohoa, likawaka. Sahani kwenye rafu zilianza kutetemeka.

"Wakibomoa, mama, eda utakalia wapi, na watoto watalala wapi?"

Machozi yalimtoka Kadija, lakini sauti yake haikuyumba. "Nyundo ilikuwa ya Magidu," alisema. "Gidudu alikuja jioni akasema, jirani, mwanangu anasimama mwezi huu na sina uwanja. Kwao Wagisu lazima kijana asimame kwenye uwanja wa baba yake, watu wamzunguke pande zote. Akisimama kwa mtu mwingine, ni aibu ya ukoo. Na uani kwetu miguu ilikuwa imekaa katikati. Magidu akamwambia, mtoto wako ni mtoto wangu. Wakakata wote wawili, wanacheka. Mimi niliwapelekea chai. Magidu akachukua matofali matatu, akatengenezea jiko."

"Nandutu hakujua?"

"Alikuja baada ya sherehe. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, asikae mtu karibu na ukuta huu, naenda Jinja kuleta mafundi. Magidu akasema, sawa Mayi, mama yetu, kesho nahamisha jiko." Alijifuta na ncha ya kanga. "Mvua ikaja kabla ya kesho."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, watasema marehemu alijiua mwenyewe. Watoto wake wataitwa watoto wa mjinga. Na mimi si wa kabila la hapa, afande. Gidudu alikuwa rafiki yetu pekee."

Aber aliweka mkono begani mwake kidogo, akatoka bila viatu.

*

Tingatinga lilikuwa limeshaingia langoni. Aber alisimama mbele ya koleo lake, mkono juu.

"Zima!"

"Mama, mimi nina amri ya saa nane!" dereva alipiga kelele.

"Na saa yangu haijafika. Ukinigusa unagusa serikali. Zima!"

Injini ilishuka lakini haikuzimwa. Aber aligeuka. Gidudu alikuwa bado mlangoni kwake, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote, kama wanavyomwachia mgonjwa.

"Mwenyekiti. Ukuta huu ulikuwa na miguu?"

"Nilishasema. Haukuwa nayo."

"Konstebo amefukua kisiki chake. Timothy ana kovu lake. Jiko la Magidu lina matofali yake, na yana alama ya nyumba yako. Nakuuliza mara ya pili."

"Watu wanaweza kuiba alama."

"Na nyundo? Ilikuwa ya nani?"

Gidudu alitazama mlango wa Kadija. Mjane alikuwa amesimama ndani, kwenye kivuli, hajavuka kizingiti. Alimtazama tu.

"Nikisema," Gidudu alisema, na sauti ya redioni ilikuwa imemtoka yote, "watasema imbalu ya mwanangu iliua mtu. Afande, wewe si wa huku. Hujui. Jina hilo halifutiki. Ataoa na jina hilo. Atazikwa nalo."

"Kwa hiyo umelipeleka kwa yule mama. Na hizi nyumba je?"

Tingatinga lilinguruma. Bibi wa kitandani alianza kuomba kwa sauti, katika Kigisu, bila kuinuka.

Ndipo pazia nyuma ya Gidudu liliposogea. Kijana alitoka, mrefu, amejifunga shuka kiunoni kama wanavyojifunga waliotahiriwa karibuni, anatembea kwa kupanga hatua. Kila mtu alimjua. Alisimama ubavuni mwa baba yake.

"Papa," alisema, "mimi nilisimama mbele ya watu wote hawa. Wewe uliniambia nisipepese macho."

"Nyamaza. Rudi ndani."

"Uliniambia mwanamume hatafuti mahali pa kujificha. Basi na wewe simama."

Gidudu alimtazama mwanawe kana kwamba kisu kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine sasa. Mabega yake yalishuka. Kisha yakapanda tena, taratibu, akavuka ua peke yake mpaka mbele ya mlango wa Kadija.

"Nilikata mimi," alisema. "Magidu alinisaidia kwa sababu nilimwomba. Lilikuwa wazo langu. Mayi Nandutu alituonya, na mimi nikamtupia mawe." Aligeukia wenzake. "Nyumba hazina ubaya. Mkono wangu ndio ulikuwa na ubaya."

Kadija alifunika uso kwa kanga. Dereva wa tingatinga, aliyesikia yote, alizima injini bila kuambiwa, akaokota muwa wake.

Aber alipiga simu mbili pale pale, moja kwa mkuu wake na moja kwa ofisi iliyotoa amri ya kubomoa. Ya pili ilichukua muda mrefu na ilihitaji sauti kubwa. Waiswa hakutoa pingu. Kijana alimshika baba yake mkono, akatembea naye polepole mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango.

*

Asubuhi iliyofuata, Nandutu alirudishiwa viatu vyake kaunta, pamoja na mkoba na futi ya kupimia ya chuma. Alitia sahihi. Hakuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa.

"Nilikuwa nimenyamaza kwa ajili ya mtoto," alimwambia Aber.

"Mtoto hakutaka unyamaze. Yeye ndiye aliyemsimamisha baba yake."

Nandutu alikaa kwenye benchi la wageni, kiatu kimoja mkononi.

"Utamfunga Gidudu?"

"Korti itaamua. Nimeandika kwamba alikiri mwenyewe."

"Andika na langu."

"Lako ni lipi? Uliwaonya."

"Afande, mimi ni Mgisu. Kaka zangu watatu walisimama uwanjani kwa baba, mimi nikiwa nashika unga wa kuwapaka kabla ya kisu. Niliwauliza watu wa Namakwekwe watapika wapi. Watalala wapi, watafua wapi, mgonjwa atawekwa wapi. Walichora yote kwa jivu, na haukuwa mwaka wa imbalu. Sikuwauliza kijana atasimama wapi." Alivaa kiatu, akafunga kamba kwa nguvu. "Gidudu alikata miguu kwa sababu mimi nilimjengea ua usio na mahali pa mwanawe."

Aber hakuwa na fomu ya kosa la namna hiyo. Alifunga faili.

"Waiswa, washa gari."

"Tunakwenda wapi, afande?"

"Mwulize yeye."

"Namakwekwe," alisema Nandutu, akiinuka. "Kuna wingu Wanale, na kuta zilizobaki lazima zikaguliwe kabla ya mvua. Lakini tupitie kwanza Buwenge, kwa mama yako. Ninahitaji jivu."